Chachu iliyokaushwa kwenye gogo

Mtindi wa leo huanzishwa na kijiko cha mtindi wa jana. Wakulima wa Voss, magharibi mwa Norwe, walifanya vivyo hivyo na bia: chachu ya pombe iliyokwisha ndiyo iliyochachusha iliyofuata, mzazi akimwachia mwana. Wao huiita kveik, na ukiichunguza utaona kwamba tabia yake imetokana kwa sehemu kubwa na namna ilivyotunzwa.

Shambani bia ilipikwa mara chache kwa mwaka, Krismasi ikiwa mojawapo. Miezi ilipita kati ya pishi moja na jingine, na jokofu halikuwepo. Ndiyo maana chachu ilikaushwa. Gogo lililotobolewa matundu mengi lilizamishwa kwenye chachu, kisha likatundikwa likauke. Wengine walitumia pete ya majani makavu yaliyosukwa. Siku ya kupika, gogo lilitumbukizwa kwenye maji matamu ya kimea.

Hapo ndipo uteuzi ulipofanyika. Seli zisizovumilia ukavu zilikufa. Zilizosalia ndizo zilizozaa. Chachu hujikinga na ukavu kwa sukari iitwayo trehalosi, na sukari hiyohiyo huikinga na joto. Kwa maoni yangu, hili linaeleza jambo linaloshangaza wapishi wengi: huko Voss chachu hutiwa kwenye maji ya kimea yenye joto la nyuzi 35 hadi 40, ilhali chachu nyingi za bia za aina ya ale hutaka nyuzi 20 hivi. Chachu ya kawaida kwenye joto hilo ingetoa bia yenye ukali unaochoma koo. Kveik humaliza kazi kwa siku mbili tatu, na bia yake hunukia machungwa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2018 na Richard Preiss, Lars Marius Garshol na wenzao ulionyesha kuwa kveik ni ukoo wa pekee kati ya chachu za bia.

Anayepika nyumbani leo naye anateua, hata asipokusudia. Akichota mashapo ya chachu mapema mno, anabeba seli zinazowahi kuzama kabla sukari haijaisha; akirudia hivyo pishi baada ya pishi, bia yake itazidi kubaki tamu. Mashapo ya bia kali sana yasirudiwe, kwa kuwa kileo kimeshaidhoofisha chachu. Chupa ya kuhifadhia chachu ichemshwe, ijazwe bila kukazwa kifuniko, iwekwe kwenye jokofu na kutumika ndani ya wiki chache. Chachu ikinuka siki, imwagwe bila huruma.

Wakulima nao walipata hasara hiyo. Lakini chachu iligawanywa kijiji kizima, hivyo ambaye yake imeharibika alikwenda kwa jirani kuomba, na mara nyingi alichopewa kilikuwa kizazi cha ile aliyoitoa yeye mwenyewe miaka ya nyuma.