Mkono Unaposimama Juu ya Ungo

Shangazi yangu wa Mogitu hununua mbuzi kwa kumwangalia anavyotembea, na kitabu hukipima hivyohivyo. Siku hizi macho yake yamechoka, kwa hiyo ninapofika kwake hunipa kigoda karibu na jiko, yeye akaweka ungo wa maharage mapajani na kuniambia, "Haya, tusomee." Ninasoma aya ya kwanza, yeye anachambua. Vidole vikiendelea kutupa vijiwe na punje mbovu kwa mwendo uleule, kitabu kimeshindwa. Vikipunguza mwendo, kina matumaini. Vikisimama juu ya ungo, najua usiku huo tutachelewa kulala.

Mogitu ni pale njia ya kwenda Haydom inapoachana na lami ya Singida na Babati, karibu na Mlima Hanang ambao kilele chake kinapita mita 3,400. Jioni upepo unashuka kutoka mlimani na baridi inawaingiza watu ndani mapema. Sijaona duka la riwaya hapo. Kitabu kinakuja kwa basi, ndani ya begi la mtu, na kikishafika kinapita mkono kwa mkono mpaka jalada linaachia. Mahali kama hapo aya ya kwanza ina kazi nzito, kwa sababu anayesikiliza ana maharage ya kuchambua, ana ndama wa kufunga, na hana deni lolote kwa mwandishi.

Mara ya kwanza kuuona mkono ule ukisimama ilikuwa kwa *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute iliyotoka mwaka 1973, ya riwaya ambayo Chinua Achebe aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1958. Achebe haanzi na kuzaliwa kwa mtu wake wala na maelezo ya nchi. Anaanza na sifa. Okonkwo anajulikana katika vijiji tisa na kuvuka hapo, na jina lake lilianzia kwenye mieleka: akiwa kijana wa miaka 18 alimwangusha Amalinze, bingwa aliyekaa miaka saba bila kushindwa, aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi.

Ukisoma haraka utadhani ni majigambo tu. Lakini tazama alichokifanya. Ushindi huo ni wa zamani, umekwisha kupita kitabu kinapoanza, na mtu anapotambulishwa kwako kwa ushindi wa ujana wake, moyo unauliza kimya kimya nini kimempata tangu hapo. Kisha kuna jambo jingine lililofichwa ndani zaidi. Aya imetuonyesha asiyeangushika akiangushwa. Imekwisha kutufundisha, kabla hatujamjua Okonkwo vizuri, kwamba mgongo usioijua ardhi unaweza kuijua siku moja. Mwandishi hajasema neno kuhusu hilo. Shangazi ndiye aliyelisema, mkono ukiwa hewani na punje moja kati ya vidole: "Na huyu naye, zamu yake lini?"

Tangu siku ile nimeamini kwamba aya ya kwanza nzuri ni ya mtu aliyekwisha kuujua mwisho. Hakuambii, lakini sauti yake inamfichua. Ndivyo ilivyo hata mlangoni. Mtu akibisha hodi amekuja kuazima chumvi, unaisikia chumvi. Aliyeleta habari ya msiba anabisha hodi kwa maneno yaleyale, anasalimia vilevile, anauliza habari za watoto, na bado mwenye nyumba anaweka chini alichokuwa amekishika.

Kuna kijana wa jirani aliyetuletea riwaya yake imeandikwa kwa peni kwenye kaunta buku, ukurasa hadi ukurasa, bila kuruka mstari. Ilianza na jua likichomoza, ndege wakiimba, maua yakinukia. Nilisoma kwa sauti nzuri kadiri nilivyoweza, maana nilimpenda yule kijana kwa bidii yake. Shangazi alichambua ungo mzima. Aya ya pili ilimweleza mama mmoja, uzuri wake na tabia yake. Aya ya tatu, mama huyo alikuwa zizini gizani, akihesabu mbuzi wake kwa kuwapapasa migongo, na hesabu ikawa imezidi mmoja.

Hapo mkono ulisimama. Kupungua kwa mbuzi kunaeleweka, fisi wapo. Lakini kuzidi! Tulimwambia kijana riwaya yake inaanzia pale zizini. Iliniuma kumwona akiwasikitikia ndege wake, kwa sababu alikuwa amewaandika kwa uangalifu mkubwa, na mtu hafundishwi kirahisi kukata alichokipenda. Baada ya wiki mbili alirudi na kaunta buku nyingine. Mbuzi alikuwa mstari wa kwanza.

Watu wa Hanang hawahitaji mwalimu wa kuwaambia hadithi ianzie wapi. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri ya Jumapili, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikafunika sehemu za Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nimewasikia wengi wakiisimulia siku ile. Yupo anayeanza na idadi ya waliokufa. Yupo anayeanza na kibiriti alichokuwa amekishika, amekiwasha mara mbili hakishiki, akasikia kishindo. Huzuni yao ni moja, wala si haki kupima maumivu ya mtu kwa ustadi wa kusimulia. Lakini wa kibiriti anaposema, hata watoto hunyamaza, kwa sababu ametuweka jikoni pamoja naye, katika dakika ambayo yeye anajua kitakachofuata na sisi pia tunajua, na kijiti bado hakijawaka.

Nadhani ustadi huo una mizizi mirefu huku. Wairaqw wa huku wana slufay, maombi yanayosemwa kwa lugha ya kishairi: mzee anaongoza, waliokaa wanaitikia. Muitikio ule hauko kwa ajili ya kupamba. Humo mzee anasikia kama watu wako naye au amewaacha nyuma. William Kamera, aliyezikusanya ngano za huku katika *Hadithi za Wairaqw wa Tanzania* mwaka 1978, alizipata zikiwa bado mdomoni mwa watu. Pwani nako msimulizi haanzi mpaka apokelewe: Paukwa! Pakawa! Mwandishi wa riwaya amenyang'anywa hilo. Anasema paukwa peke yake, chumbani, na pakawa yake itatoka miaka mingi baadaye kwa mtu asiyemjua, pengine kwa kidole kilichosimama juu ya ungo.

Kuanza kwa kueleza sura ya mtu ni jambo ninaloliogopa kwa kawaida. Macho, pua, midomo, nywele, vimepangwa kama bidhaa gengeni. Lakini Shafi Adam Shafi ameanza hivyo katika *Vuta n'kuvute* ya mwaka 1999, na ameweza. Uso wa Yasmin ni mdogo wa mviringo, anaufananisha na tungule. Macho ni makubwa, muda wote kama machozi yako njiani. Midomo nayo haiachi kutabasamu. Macho na midomo havikubaliani! Ndani ya uso mmoja pana mvutano, na kitabu chenyewe kinaitwa hivyo. Hatujaambiwa bado kwamba huyu ni msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwa mzee wa kumzaa, Zanzibar ya wakati wa ukoloni, lakini uso umekwisha kushtaki.

Shangazi aliuliza tungule ni nini. Nilimwambia ni nyanya, ndivyo wanavyoiita Unguja. Akafikiri kidogo, akasema nyanya ina ngozi nyembamba. Kisha akarudi kwenye maharage, ila polepole, punje moja moja. Na mimi niliona kile ambacho nilikuwa nimekipita mara nyingi: neno moja la sokoni lilikuwa limetuvusha bahari, na papo hapo likatuonya kwamba uso huu unaweza kupasuka.

Sisemi kila kitabu kizuri kinasimamisha mkono. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, haimshiki mgeni mkono, inamwacha atafute njia mwenyewe kwenye giza. Nilipoisoma pale jikoni vidole havikutulia hata mara moja. Asubuhi, akikamua, Shangazi aliniuliza yule mtu alikuwa anatafuta nini. Kwa hiyo kipimo cha ungo kina mipaka yake, na ninakiheshimu zaidi kwa sababu mwenyewe alikirekebisha bila kuombwa.

Safari iliyopita nilimpelekea *Peponi*. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akatupatia riwaya hiyo kwa Kiswahili. Mvulana ndiye anayetangulia. Jina lake Yusuf. Aliondoka kwao ghafla, akiwa katika mwaka wake wa kumi na mbili. Ulikuwa wakati wa ukame, siku zote zinafanana, maua yanachanua bila kutarajiwa na kufa, wadudu wanatoka chini ya mawe na kufia juani.

Nilimtazama Shangazi nikikumbuka ndege wa yule kijana. Maua yapo hapa pia, lakini haya yanachanua mahali pasipostahili na kunyauka hapohapo, na mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na mbili amesimama katikati yao. Aliyemchukua hatajwi. Baadaye ndipo utajua kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake, mikononi mwa tajiri aliyezoea kumheshimu kama ami.

Mkono ulikuwa umesimama zamani.

"Rudia hapo alipoondoka," akasema.

Nikarudia.

"Ghafla kwa nani?" Aliangalia moto, hakuniangalia mimi. "Aliyeondoka ghafla ni mtoto, mwanangu. Wakubwa walijua tangu jana."

Akauweka ungo chini, akasogeza ukuni mmoja jikoni. Tulikuwa bado kwenye aya ya kwanza.