Jina Badala ya Picha: Santuri za Kakai Kilonzo

Wahakiki wa majalada ya muziki aghalabu huanza na picha ya msanii: vazi lake, mkao wake, rangi zinazomzunguka. Mkabala huo hautufikishi mbali katika muziki wa Ukambani wa miaka ya 1970. Santuri ndogo za mizunguko 45 ziliuzwa mara nyingi katika bahasha za karatasi zisizo na sura ya mwimbaji; taswira yake ilibebwa na lebo ya duara iliyo katikati ya santuri.

Les Kilimambogo Brothers, bendi ya Kakai Kilonzo (aliyefariki 1987), ni mfano bora. "Les" ni Kifaransa kilichoazimwa kwa bendi za Kikongo. "Brothers" ni Kiingereza. Kilimambogo, mlima ulio karibu na Thika, una jina la Kiswahili. Kikamba hakimo, ilhali Kakai alikiimbia sana, sambamba na Kiswahili. Je, huko ni kujikana? La hasha. Jina lilidai hadhira pana kabla sindano haijagusa santuri. Mnunuzi wa Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Zanzibar reli ilipojengwa, asingeliona geni.

Lebo ilidokeza mtindo pia. Wimbo mmoja uligawanywa sehemu mbili, na mpenzi wa benga alijua kwamba akigeuza santuri, maneno yangepungua na magitaa kutawala. Kaseti zilileta picha ya msanii, lakini ziliondoa haja ya mgawanyo huo.