Mashine na Neno Kupendekeza

Kitenzi kupendekeza kimetokana na kupenda, nacho chadai kwamba mwenye kupendekeza amemfahamu mwenye kupenda. Huduma kama Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, hazifahamu, huhesabu. Hutegemea sana mwenendo wa wasikilizaji wengi: waliousikiliza wimbo huu waliusikiliza na ule. Mkazi wa Nzuguni apendaye zeze na ilimba za Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hupunjwa hapo, kwani ngoma nyingi za Wagogo hazijarekodiwa, na kisichorekodiwa hakihesabiki. Tena Chibite ya Zawose ilitolewa Uingereza mwaka 1996 na Real World, kampuni iliyokusanya wanamuziki wa nchi nyingi. Kwa hiyo jirani yake katika hesabu aweza kuwa Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan (sauti tukufu, pasipo shaka) kabla ya mwimbaji yeyote wa Bahi.