Kuwasha Hakutoshi: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuhakiki namna Kiswahili kinavyoeleza sekunde za mwanzo za kompyuta. Husemwa "washa kompyuta", basi. Kitenzi hicho kimetoka kwenye moto na taa, na taa ikiwashwa imewaka. Haina hatua ya pili. Tunadai kwamba kwa kompyuta kinaficha jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni kama fumbo. Kiini cha mfumo endeshi (neno "kiini" tunalikubali bila ubishi, ni kama kile cha yai) ndicho kinachogawa kumbukumbu na kuamrisha vifaa vyote, diski ikiwemo. Lakini chenyewe kimelala ndani ya diski. Nani atakisoma kabla hakijaamka? Katika kompyuta za mezani za zamani jibu lilikuwa ngazi. Programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu husoma baiti 512 za kwanza za diski, ambazo zenye maagizo hazizidi 446. Maagizo hayo machache huita programu kubwa kidogo, nayo huleta kiini, tuseme cha Linux, kikiwa kimebanwa. Kiini hujifumua, hupanga kumbukumbu, hutambua vifaa, kisha huzindua programu ya kwanza ya kawaida, ile inayopewa namba 1. Kiingereza kimeiita kazi hii kwa mzaha wa mtu anayejinyanyua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe.

Sisi wa Rubona hatuna haja ya buti. Mwaka 1963 mtambo wa kuvuna methani ya Ziwa Kivu ulianza kazi katika rasi yetu, gesi yake ikatumika katika kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kanuni ya uvunaji ni hii: bomba refu huteremshwa hadi kwenye maji ya kina, na pampu huyavuta maji hayo kwanza. Yakipanda, mgandamizo hupungua, gesi hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo huendelea kuyainua maji. Hapo pampu yaweza kuzimwa. Msukumo mdogo, kisha kitu kikajiinua. Kwa hiyo tunapendekeza "kujiinua kwa kiini". Wapo watakaotetea "kuanzisha". Linakaribia, ila linamweka mtendaji nje mpaka mwisho. Maana yote imo katika kile kiambishi -ji-.

Aidha, Jambo OpenOffice, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, ilitafsiri menyu, yaani sebule. Ujumbe unaotolewa na kiini cha Linux kinapojiinua ungali Kiingereza. Hatudai ujumbe huo utafsiriwe. Tunachodai ni kwamba mwanafunzi aweze kuueleza kwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017.

Kwa sasa mteja humwambia fundi, "Inawaka, lakini haiwaki." Fundi naye hucheka, kwa kuwa ameelewa, lakini hana neno la kumjibu kwamba imekwama pale kiini kilipokuwa kikijifumua, wala si kwenye umeme.