Dawa Ilayo Shaba: Namna ya Kuichagua na Kukaa Nayo Kisiwani Mafia

Kisiwani Mafia, ambako kitu kilichonunuliwa Kariakoo husafiri kwa gari hadi Nyamisati na kisha kwa boti hadi Kilindoni, na ambako bodi ya saketi iliyoagizwa kiwandani Uchina huweza kumfikia mwenyewe akiwa amekwisha sahau aliitakia nini, mtu mwenye mapenzi ya elektroniki hana hila iliyo bora kuliko kuitengeneza bodi yake kwa mkono wake, barazani kwake. Kazi yenyewe haina siri. Bamba la nyuzi za kioo lililobandikwa ngozi nyembamba ya shaba nyekundu huchorwa njia za umeme kwa wino usiopenyeka, kisha huzamishwa katika dawa ilayo shaba. Iliyositiriwa na wino husalimika, na iliyo wazi huliwa ikaisha. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, ndiye aliyeufanya ufundi huu uwe asili ya redio za kisasa, na tangu wakati wake hadi leo ugumu umebaki pale pale, katika dawa.

Aghalabu mafundi huisifu dawa kwa wepesi wake wa kula, na aliye na dawa imalizayo bodi kwa dakika chache hujiona amewashinda wenzake. Sifa hiyo mimi siikubali. Dawa njema ni ile ambayo mwenyewe aweza kuitolea hesabu kamili, tangu inapopakiwa botini pamoja na abiria na magunia ya mchele, ikapita katika kazi ikaacha njia zenye kingo safi, hadi siku inapochoka na kutaka mahali pa kwenda. Na kwa kuwa kisiwani mahali pa kwenda ni pachache mno, kipengele hicho cha mwisho ndicho kilicho kizito kuliko vyote.

Tuanze na feriki kloraidi, kongwe wa dawa hizi, ambayo wachongaji wa picha za shaba huko Ulaya waliitumia kabla redio haijazaliwa. Huuzwa ikiwa mabonge ya manjano iliyokolea kuelekea hudhurungi, au ikiwa maji mazito yaliyokwisha yeyushwa. Mnunuzi wa Mafia na achague mabonge, maana maji yake yakivuja botini hutia doa lisilotoka katika kila nguo na hula kila chuma yalichokigusa. Kopo na litikiswe kabla ya kulipiwa: mabonge makavu hugongana yakalia, na yaliyokwisha nyonya unyevu wa pwani hukaa kimya kama tope. Tope hilo halijafa, bado litakula shaba, lakini aliyelinunua amenunua maji kwa bei ya dawa, wala hawezi tena kupima kwa mizani kiasi anachokitia. Ipo na namna ya tatu, unga mweusi usio na maji ndani yake, ambao ukikutana na maji huchemka kwa ghadhabu. Mwanafunzi na ajiepushe nao. Hata kwa mabonge ya kawaida kanuni ni moja: maji hutangulia chomboni, dawa hufuata kidogo kidogo, na kamwe isiwe kinyume. Dawa iliyoyeyuka vizuri huonekana rangi ya chai ya rangi iliyo nzito, na mwanga hupita ndani yake. Ikiweka kutu ya kahawia chini kabla haijala shaba yoyote, fahamu kwamba imepungukiwa na tindikali yake na haitafanya kazi kwa utulivu.

Pasalfeti ya sodiamu huvutia macho ya wengi kwa usafi wake. Ni chembe nyeupe ziyeyukazo zikaacha maji maangavu, na maji hayo hubadilika kuwa ya buluu kadiri yanavyokula, hata fundi huiona kazi yake ikiendelea pasipo kuinyanyua bodi, jambo ambalo feriki kwa weusi wake haimpi mtu. Lakini haivumilii hali ya hewa yetu. Joto na unyevu huivunja ikiwa bado koponi, na iliyokwisha yeyushwa haiwekeki, kwa kuwa hutoa hewa ya oksijeni ambayo hupasua chupa iliyofungwa sana. Fauka ya hayo huchochea moto ikikutana na karatasi, vumbi la mbao au nguo. Ndugu yake, pasalfeti ya amonia, humpa mtu taabu nyingine mwishoni, maana amonia huishika shaba ndani ya maji na kukataa kuiachia.

Wako wanaochanganya tindikali haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, na kwa insafu lazima ikubaliwe kwamba mchanganyiko huo una fadhila kubwa: shaba iliyoliwa hugeuka yenyewe kuwa dawa, kloraidi ya shaba ya kijani, ambayo huhuishwa kwa kupuliziwa hewa na kuongezwa tindikali kidogo, hata mtu akaitumia miaka. Kwa mwenye karakana ya wazi na kazi ya kila wiki hiyo ni dawa ya heshima. Kwa mwenye chumba kimoja ni balaa, kwa kuwa mvuke wake hutia kutu koleo, bisibisi na hata mabati ya paa, ambayo chumvi ya bahari imekwisha yaanza, na mchanganyiko ukifanywa mkali au ukipata joto hutoa klorini, hewa iumizayo mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isikaribishwe kabisa mahali penye tindikali.

Maji ya betri peke yake hayali shaba; anayeyajaribu hupoteza nguo na wakati. Tindikali ya nitriki huila kwa mvuke mwekundu wa sumu, na haina nafasi nyumbani mwa mtu. Siki, chumvi na peroksaidi hufanya kazi polepole sana, na waiitao dawa isiyo na madhara husahau kwamba shaba iliyoingia ndani yake ni shaba ile ile.

Iwayo yote, dawa haihukumiwi kwa maneno ya muuzaji. Ukate ukanda wa bamba wenye upana wa kidole, uusugue hadi ung'ae, uchore juu yake mistari ya milimita moja na ya nusu milimita, kisha uuzamishe katika feriki na kuuinua baada ya nukta chache. Shaba safi hupoteza mng'ao mara moja na kuwa ya waridi iliyofifia kila mahali. Panapobaki kung'aa pana mafuta ya vidole, na kosa hapo si la dawa. Urudishe, ukiutikisa bila kukoma, hadi shaba ya wazi iishe, uuoshe, uufute wino, na sasa utazame ukingo wa mstari kwa kioo cha kukuzia. Ngozi ya shaba ya kawaida ina unene wa milimita 0.035 tu, na dawa haili kwenda chini peke yake, huingia pia ubavuni, chini ya wino. Mstari wa dawa njema hupungua kidogo na ukingo wake hunyooka. Wa dawa iliyochoka, iliyoachwa kuila bodi muda mrefu, huwa na meno na vishimo, na ule wa nusu milimita huenda umekatika. Kwa feriki, joto la nyuzi 40 hadi 50 hufupisha kazi na kunyoosha kingo, nalo hupatikana kwa kukiweka chombo cha dawa ndani ya beseni la maji moto, wala si juu ya jiko.

Chombo chenyewe kiwe cha plastiki au kioo. Sufuria ya aluminiamu haifai hata kwa dakika moja, kwani feriki huishambulia kwa joto na povu, na sinia ya chuma kisichoshika kutu nayo hutobolewa. Fundi avae glavu za mpira na miwani izibayo pembeni, akae upande wa joshi ili upepo uchukue mvuke mbali naye, na dawa ikimrukia jichoni aoshe kwa maji mengi kwa robo saa nzima kabla ya kushika njia ya hospitali. Kuhusu uhifadhi nina ukali ambao siombi radhi: dawa isitiwe katika chupa ya maji ya kunywa, hata kwa usiku mmoja, hata ikiandikwa, maana mtoto mwenye kiu hasomi. Kadhalika muuzaji anayekupimia kutoka dumu lisilo na jina wala alama ya hatari mwache na dumu lake. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inawataka wafanyao biashara hiyo wasajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na aliyesajiliwa haoni taabu kuonyesha cheti.

Sasa dawa imechoka. Feriki imekuwa ya kijani cheusi, na bodi iliyokuwa ikimalizika kwa robo saa yakaa saa nzima. Ardhi ya Mafia ni mchanga na mawe ya matumbawe, maji yaliyomwagwa uani hushuka bila kizuizi, na visima vingi havina kina kirefu. Kusini ya kisiwa, kuanzia ghuba ya Chole hadi Juani na Jibondo, imo Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Na shaba iliyoyeyuka, hata ikiwa kidogo, ni sumu kwa matumbawe machanga, kwa kome na kwa mwani, ndiyo maana rangi za kupaka chini ya meli hutiwa shaba ili viumbe visishike.

Kwa hiyo dawa iliyochoka huwekwa ndooni, mahali pa wazi pasipo na moto, ikatiwa stilwaya ya kusugulia masufuria au mabaki ya misumari, na shaba hutoka majini ikaganda juu ya chuma, nyekundu na legelege. Kesho yake msumari mpya uliosuguliwa huchovywa kwa dakika chache: ukitoka mwekundu, shaba ingalipo, na chuma kiongezwe. Ukitoka kama ulivyoingia, dawa hutiwa chokaa kidogo kidogo, hadi maji yatulie na mashapo ya kijani kibichi, yageukayo kahawia yakipata hewa, yashuke chini. Mashapo hayo, pamoja na ile shaba, hukaushwa, yakachanganywa na saruji katika kopo kuukuu, yakaandikwa yalivyo na tarehe yake, na kopo likangojea safari ya bara kwa wenye kibali cha kupokea taka za kemikali. Kwa mtu atengenezaye bodi chache kwa mwaka, kopo moja la maziwa ya unga huchukua muda mrefu kujaa.