Viatu vya Mgeni, Miguu ya Wenyeji

Kitabu cha Tim Butcher, Blood River, kilitoka 2007 na mpaka leo njo kinachotajwa mtu akitaka kujua njia ya Kabambare na Kasongo. Kisomeni, lakini mkiangalia miguu.

Butcher, mwandishi wa Daily Telegraph, alipita kwetu 2004 akifuata nyayo za Stanley. Alitoka Kalemie na begi la mgongoni na dola elfu kadhaa ndani ya viatu, akafika Kasongo kwa pikipiki.

Kuna jambo ameliona vizuri kuliko wengi wetu: huku babu ameona magari mengi kuliko mjukuu. Ni kweli, na inauma. Lakini kipimo chake ni gari tu. Mama yake alitembelea Kongo 1958, na barabara za wakati ule zinabaki kitabuni kama kitu kizuri kilichopotea. Ukatili wa Leopold anautaja, ila akifika kwenye barabara hamu inamshinda. Kumbe wazee wetu njo walizilima, kwa kazi ya lazima.

Shida ya pili ni hatari. Kwake, kupita Kabambare ni ushujaa wa mara moja. Kwa msukuma kinga mwenye bidoni za mawese, ni wiki hii na tena wiki ijayo. Vifaa vyake: kamba za mpira, kijiti kilichofungwa kwenye usukani, viatu vya plastiki, sufuria moja. Mama mwenye mzigo wa mihogo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, nani atamfundisha kubeba? Livingstone mwenyewe, 1870, vidonda vya miguu vilimlaza miezi Bambarre, Kabambare yetu hii.

Lakini lawama si ya wazungu peke yao. Tippu Tip, aliyetawala Kasongo, aliacha maisha yake kwa Kiswahili. Anahesabu pembe, anahesabu siku za mwendo. Waliozibeba hizo pembe wanapita kama umati bila majina. Na sisi wenye diplome? Tunaandika memware juu ya barabara, tunanukuu wageni, hatujamuuliza hata msukuma kinga mmoja analala wapi.

Hilo si jambo la vitabu tu. Mwenye kupima njia kwa gari ataandika “haipitiki”, afunge daftari. Wakati huohuo watu wanapita, kwenda sokoni, kwenda Salamabila kutafuta dhahabu, au kukimbia risasi. Wao hawangoji lami. Wanataka daraja la miti lisilooza na kantonye anayelipwa. Mradi ukiwahesabu magari peke yake, hao hawamo ndani.

Nani kati yetu ataandika safari moja ya kinga, Kabambare mpaka Kasongo, kwa mdomo wa anayeisukuma?