Chungu Kina Kabila, Hakina Mwenyewe

Makumbusho ya Kijiji, pale Kijitonyama, Dar es Salaam, yanafaa kutembelewa na kila anayetaka kuandika. Nyumba za makabila zimejengwa kwa ukubwa wake halisi; unainama mlangoni, unaingia. Nasema hongera, maana kitu cha mkono kinaeleweka kikiwa mahali pake, siyo ndani ya kioo.

Lakini mimi ni mtoto wa Busunzu, Kibondo. Kwetu kikapu hakiitwi "cha Waha". Ni cha mama fulani, na ukingo wenyewe unamtaja. Makumbusho mengi duniani yana desturi ya kuandika kabila na matumizi tu, msukaji anapotea. Samaki Likankoa, mchonga mashetani wa Kimakonde, tunamjua kwa jina. Mbona wafinyanzi wetu hatuwajui?

Waandishi wenzangu, ugonjwa huo na sisi tunao. Riwaya tunazijaza vinu, vibuyu na mikeka ili kijiji kionekane kijiji. Haya, nani alichonga kinu kile? Alikiuza shilingi ngapi, na nani hajamlipa mpaka leo? Hapo ndipo hadithi ilipo.